Je, Mzee Anayeshukuru Ametunzwa Vyema?

Mwaka jana nilipima matunzo anayopata bibi yangu, nikayapa alama 17 kati ya 20. Niliridhika. Wiki chache baadaye niligundua kwamba nilikuwa nimekosea, na kosa langu halikuwa la hesabu. Insha hii inaeleza kosa hilo, kisha inajaribu kujibu swali lililotokana nalo: tunapotaka kujua kama mzee anatunzwa vyema, tutajuaje, na ni nani mwenye haki ya kutoa jibu?

Bibi yangu, ambaye sisi tuliotoka upande wa Uvira humwita koko, anaishi Nakivale, Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Makazi hayo ya wakimbizi yalianzishwa mwaka 1958, yakiwapokea kwanza watu waliokimbia Rwanda, na leo yana zaidi ya watu laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Wazee wa mtaa wetu hawana nyumba ya wazee ya kwenda. Kila mmoja hutunzwa na mtoto, mjukuu au jirani, na asiyekuwa na yeyote kati ya hao hujitunza mwenyewe hadi anaposhindwa. Mimi nasoma Mbarara na wazazi wangu hawapo. Kwa hiyo tangu nilipoanza chuo, koko anatunzwa na mama mmoja jirani, ambaye mlango wake unatazamana na wetu. Kila mwezi namtumia mama huyo shilingi 40,000 kwa simu, fedha ninayopata kwa kuwachapia wenzangu kazi zao. Yeye humpikia koko, humwosha, humfulia, na humpeleka kituo cha afya siku ya dawa za presha.

Nyumba ya wazee, kwa maana yake ya msingi, ni mahali ambapo mtu asiye ndugu yako hulipwa ili akutunze. Kwa maana hiyo, chumba cha koko ni nyumba ya wazee yenye mzee mmoja na mfanyakazi mmoja, na mwenye kulipa ni mimi. Basi mimi, kama wenye kulipa wote, nilitaka kujua kama fedha yangu inafanya kazi.

Fursa ilikuja kwa njia ya mwenzangu wa chumba, Mnyankore anayesomea uuguzi. Darasani kwao walikuwa wamefundishwa namna ya kupima ubora wa huduma, wakatunga fomu ya maswali 20 kwa kufuata mawazo ya Avedis Donabedian. Donabedian alikuwa daktari aliyezaliwa Beirut mwaka 1919 na kufanya kazi Marekani. Katika makala yake ya mwaka 1966 alieleza kwamba ubora wa huduma unaweza kuangaliwa katika sehemu tatu: muundo, mchakato na matokeo. Muundo ni vile vilivyopo, yaani nyumba, kitanda, maji na watu wa kutoa huduma. Mchakato ni yale yanayotendwa, yaani kulisha, kuosha na kutoa dawa kwa wakati. Matokeo ni hali ya anayehudumiwa baada ya hayo yote. Mwenzangu alikuwa anatafuta wazee wa kujaribia fomu yake. Nilimwambia kwamba ninaye mmoja.

Jumamosi moja nilikwenda Nakivale na fomu ile. Nilikagua paa, nikakuta halivuji. Nikakagua mgongo na visigino vya koko, nikakuta havina vidonda vya kulala. Nilihesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti, hesabu ikakubaliana na siku. Milo ilikuwa miwili kwa siku, na katika makazi ambamo mgao wa chakula umekatwa mara kwa mara, milo miwili si haba. Nguo zilikuwa safi. Alama tatu zilipotea kwa sababu chandarua kilikuwa na matundu, choo kilikuwa mbali, na usiku koko hulala peke yake. Swali la 20 liliuliza kama mzee ameridhika na huduma anazopata. Nilimuuliza koko, na jirani akiwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Koko alijibu, “Niko muzuri. Aksanti Mungu, aksanti mama.” Nikaandika: ndiyo.

Jumapili iliyofuata, mwenzangu alinialika kwao Masha, katika wilaya hiyohiyo ya Isingiro, akampime bibi yake, ambaye wao humwita mukaaka. Mukaaka anaishi katika nyumba ya mwanawe, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe alipokuwa kijana. Tangu tulipoingia hadi tulipotoka, alikuwa analalamika. Mchuzi ulikuwa umepoa. Mkwe wake anafagia kama mtu anayefukuza kuku. Wajukuu wamehamisha fimbo yake. Shuka lililofuliwa jana halikusuuzwa vizuri, na ushahidi ni kwamba linamwasha. Mwenzangu alinitafsiria kila neno huku akicheka, na mkwe mwenyewe alicheka pia, kisha akaenda kuupasha mchuzi moto. Kwenye swali la 20 mukaaka alijibu kwamba hajaridhika hata kidogo. Jumla yake ikawa 16.

Katika teksi ya kurudi Mbarara tulizilinganisha fomu zetu. Koko 17, mukaaka 16. Nakiri kwamba nilijisikia fahari. Bibi yangu mkimbizi, anayetunzwa na mtu wa kulipwa, alikuwa amemshinda bibi mwenye shamba, mwana na mkwe.

Wiki chache baadaye chuo kilifungwa, nikaenda kukaa na koko. Ilikuwa mwezi wa Juni, majira ya kiangazi, ambapo alfajiri ya Nakivale ina baridi ya kuuma. Nilimwambia jirani apumzike, nitamwosha koko mwenyewe. Nilichemsha maji, nikayachanganya katika beseni hadi yakawa ya kumfaa mtu mzima. Nilipoyamimina begani pake, koko alinyamaza, kisha akaushika mkono wangu akauzuia ndani ya maji. Akasema, “Leo maji iko moto.” Nikamuuliza siku nyingine yanakuwaje. Akasema, “Ile ya siku zote inaniumizaka mifupa.”

Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, koko alikuwa anaoshwa kwa maji baridi alfajiri, kabla jirani hajakwenda shambani. Fomu yangu ilikuwa na swali kuhusu kuoshwa: mara ngapi kwa wiki? Jibu lilikuwa kila siku, na nilikuwa nimelipa alama kamili. Nilimuuliza, “Koko, juu ya nini haukusema?” Jibu lake nimelibeba tangu siku hiyo: “Ulikuja na karatasi. Mutu wa karatasi anaandikaka, anaenda. Mie nabakia na yeye. Nikisema, atachoka na mie. Akichoka, nani ataniosha?”

Hapo ndipo ninapoanzia hoja yangu. Ninadai kwamba kipimo cha kwanza cha ubora wa matunzo si shukrani ya anayetunzwa. Kipimo hicho ni uwezo wake wa kulalamika bila kuogopa kwamba atapoteza matunzo yenyewe. Mahali ambapo uwezo huo haupo, vipimo vingine vyote vina ufa, kwa sababu hatujui ni mambo mangapi yamefichwa chini ya neno “asante”.

Tuanze na lugha yetu, maana sisi ndiyo kazi yetu. Kitenzi kutunza kina maana ya kuhifadhi na kuangalia kwa uangalifu. Lakini kutunza pia ni kumpa mtu zawadi, kama watu wanavyomtunza mwimbaji harusini. Maana hizi mbili zinakaa pamoja katika neno moja, na nadhani zinakaa pamoja katika mioyo yetu pia. Tunapomtunza mzee tunajiona tunampa zawadi, na mpokea zawadi hana la kusema ila kushukuru. Mtu akipewa kanga harusini, haulizi kwa nini si ya rangi nyingine. Hata hivyo maji ya kuoga si kanga ya harusini. Ni haja ya kila siku ya mwili ambao hauwezi tena kujichotea maji wenyewe.

Methali nayo inatufundisha: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sera ya Uganda kwa wakimbizi inafanana na methali hii kuliko sera za nchi nyingi, kwani makazini mkimbizi huonyeshwa kipande cha ardhi alime, badala ya kufungiwa ndani ya ua. Ni jambo la heshima. Anayeshika jembe huacha kuwa mgeni. Akila, anakula jasho lake, na akikuta chumvi imezidi anasema. Lakini je, yule asiyeweza kulishika jembe? Koko alifika Uganda akiwa tayari hawezi kuinama. Kwake siku ya tatu haikufika. Amebaki mgeni kwa miaka yote hii, na mgeni mwenye adabu hasemi kwamba maji ni baridi.

Sasa mukaaka wa Masha ananieleweka. Sikatai kwamba ana tabia ya kulalamika. Ila tabia hiyo ina misingi. Nyumba imesimama juu ya ardhi yake. Migomba ni yake. Mwanawe hawezi kumwacha bila kijiji kizima kumsema. Tena serikali ya Uganda ina ruzuku ya wazee, iliyoanza mwaka 2010 katika wilaya chache za majaribio na baadaye kuenezwa nchi nzima kwa raia waliotimiza miaka 80. Ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi, lakini mukaaka huitoa mwenyewe mfukoni, anamtuma mjukuu sabuni, na akiletewa isiyo yake anairudisha. Koko si raia, hana ruzuku. Shilingi 40,000 ninazotuma, ambazo ni nyingi kuliko za mukaaka, hazipiti mkononi mwake hata siku moja. Zinatoka kwenye simu yangu na kuingia kwenye simu ya jirani. Katika biashara hiyo koko si mnunuzi. Yeye ndiye kazi inayofanywa.

Fomu yetu ilimpa anayenyamaza alama nyingi kuliko anayesema. Haikuwa bahati mbaya. Ndivyo fomu za namna hiyo zinavyofanya. Aliyeridhika kwa sababu anatunzwa vizuri na aliyekata tamaa ya kutunzwa vizuri wote wawili huandikiwa “ndiyo”. Amartya Sen amelieleza jambo hili kwa upana zaidi: mtu aliyenyimwa kwa muda mrefu hujifunza kutaka kidogo, kwa hiyo kuridhika kwake si ushahidi kwamba hali yake ni njema. Koko hakuwa amezoea maji baridi. Mifupa yake haikuzoea. Alichozoea ni kutokutaja.

Joan Tronto, mwanafalsafa wa siasa wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1993 aliigawa kazi ya kutunza katika hatua nne: kutambua kwamba kuna haja, kuubeba wajibu wa kuitimiza, kuifanya kazi yenyewe ya kutunza, na mwisho kupokea matunzo. Hatua ya nne ndiyo inayonigusa. Kwa Tronto, kazi ya kutunza haijakamilika mpaka tumemsikiliza aliyetunzwa, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama haja yake imetimizwa. Nakubaliana naye, lakini naongeza sharti: kumsikiliza hakuna maana ikiwa kusema kuna gharama asiyoweza kuilipa. Mimi nilimsikiliza koko. Nilimsikiliza mbele ya mtu ambaye maisha yake yapo mikononi mwake, kisha nikapanda bodaboda nikaenda zangu.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni matatizo ya umaskini, na kwamba yakijengwa majumba makubwa yenye wakaguzi yatakwisha. Tuangalie nchi tajiri. Marekani ilianza mwaka 2008 kuzipa nyumba za wazee nyota, kuanzia moja hadi tano, ili familia zijue pa kuwapeleka wazee wao. Kwa miaka ya mwanzo, sehemu ya taarifa zilizohesabiwa, kama idadi ya wauguzi, zilitolewa na nyumba zenyewe. Baadaye ndipo serikali ilipodai kumbukumbu za mishahara ili kuthibitisha. Hispania ina majumba ya wazee na sheria zake, lakini Machi 2020, wakati wa janga la korona, wanajeshi waliotumwa kupulizia dawa waliwakuta wazee wameachwa peke yao vitandani, baadhi yao wakiwa wameshafariki. Jengo zuri halimpi mzee sauti. Ukaguzi nao hauwezi kuchukua nafasi ya sauti, kwa kuwa mkaguzi, kama mimi, huenda zake jioni.

Vilevile sisemi kwamba nyumba za wazee ni mbaya. Kampala kuna nyumba ya Nalukolongo iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga, inayoendeshwa na masista, ambayo Papa Fransisko aliitembelea Novemba 2015. Unguja kuna Sebleni na Welezo. Nyumba kama hizo zimewapokea watu ambao wangekufa barabarani, na anayezidharau aje kwanza alale usiku mmoja katika kibanda cha mzee asiye na mtu. Ninachosema ni kwamba swali ni lilelile, iwe mzee yuko katika jumba lenye vitanda mia au katika chumba kimoja cha udongo Nakivale: akiwa na neno la kusema, atamwambia nani, na kesho yake itakuwaje?

Kuna pingamizi tatu ambazo wenzangu walinipa nilipoisoma rasimu ya insha hii darasani. Zote zina uzito.

Ya kwanza ni ya adabu. Mwenzangu mmoja alisema kwamba kumlalamikia anayekuosha ni kukosa utu, na kwamba wazee wetu walifundishwa kushukuru hata kwa kidogo. Nakubali kwamba shukrani ni sehemu ya utu. Lakini kuna methali nyingine isemayo: mkono usioweza kuukata, ubusu. Methali hii inatuonya kwamba si kila busu ni upendo. Anayeweza kulalamika na akachagua kushukuru, shukrani yake ni ya kweli na inampa heshima mtunzaji. Asiyeweza kulalamika, shukrani yake hatuwezi kuipima. Kwa hiyo anayethamini shukrani ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kutaka mzee awe huru kulalamika.

Pingamizi la pili ni la wale wasioweza kusema. Kuna wazee waliopoteza kumbukumbu, wasiojua leo ni lini wala anayewaosha ni nani. Je, kwa kuwa hawawezi kulalamika, hawawezi kutunzwa vyema? Hapana. Mwili nao hulalamika: mtu hujikunja, hukataa kijiko, hulia anapoguswa. Lakini malalamiko ya mwili yanahitaji mkalimani, na hoja yangu inadai kwamba mkalimani huyo asiwe mtunzaji peke yake wala mlipaji peke yake. Awe mtu wa tatu anayepita mara kwa mara bila karatasi. Nakivale tunao wahudumu wa afya wa kijiji, waumini wa kanisa na wa msikiti, na wanawake wa foleni ya maji. Kwa desturi tunawaita wambea. Nimeanza kuwaona kama ulinzi.

Pingamizi la tatu ndilo lililoniumiza, kwa sababu sikulisoma kitabuni. Je, malalamiko hayatamfukuza mtunzaji, wakati watunzaji wenyewe ni wachache? Baada ya siku ile ya maji nilivuka njia nikamwendea jirani. Nilikuwa na hasira na sikuificha vizuri. Nilimwambia koko anaoshwa kwa maji baridi. Alinitazama kwa muda, akaweka chini sufuria aliyokuwa anaisugua, akasema, “Na mie, nani aliniulizaka? Unafikiri makaa inatoka wapi?”

Kisha akanieleza. Miti ya karibu imekwisha, kuni ni mwendo wa mbali, na makaa hununuliwa. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kugawa chakula kwa makundi: waliohesabiwa kuwa dhaifu zaidi asilimia 60 ya mgao kamili, walio wengi asilimia 30, na wengine bila kitu. Yeye na watoto wake walihesabiwa katika kundi la asilimia 30. Shilingi 40,000 zangu zilikuwa zinaziba pengo hilo kwanza, na kilichobaki ndicho kilichomtunza koko. Alikuwa na makaa ya kupikia, hakuwa na makaa ya kuchemshia maji ya kuoga, wala ya koko wala ya wanawe. Hakuwahi kuniambia kwa sababu aliogopa kwamba nitatafuta mtu mwingine wa bei nafuu.

Kumbe tulikuwa watatu, na kila mmoja ananyamaza. Koko alimwogopa jirani. Jirani aliniogopa mimi. Nami niliogopa kuuliza swali ambalo jibu lake lingenidai fedha nisiyokuwa nayo au muda nisiotaka kuutoa. Fomu yenye alama 17 ilitufaa sote. Hata hivyo aliyelipa gharama ya ukimya wetu ni mmoja tu, tena kila alfajiri.

Kwa hiyo jibu langu kwa pingamizi la tatu ni hili. Ndiyo, malalamiko yanaweza kumfukuza mtunzaji. Jirani alikaa wiki nzima bila kuvuka njia, na wiki hiyo nililala macho wazi nikihesabu siku zilizobaki kabla ya chuo kufunguliwa. Lakini hatari hiyo haitokani na malalamiko ya mzee. Inatokana na mtunzaji kutokuwa na pa kulalamikia kwake. Haki ya mzee ya kusema haiwezi kusimama peke yake. Inahitaji kusimama pamoja na haki ya mtunzaji ya kusema kwamba kazi imemzidi na malipo hayatoshi. Ukimpa mzee sauti na kumnyima mtunzaji, umempa mzee adui. Umoja wa Afrika ulipitisha Januari 2016 itifaki ya haki za wazee, na ni jambo jema kwamba haki hizo zimeandikwa. Ila haki ya mzee hutekelezwa na mikono ya mtu mwingine, na mikono hiyo mara nyingi ni ya mwanamke maskini ambaye hakuna itifaki iliyomuuliza habari za makaa.

Kuna funzo pia katika mkondo wa fedha. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Jambo linalonivutia hapo si kiasi. Ni kwamba fedha inafika kwa mzee mwenyewe. Mwenye kulipa husikilizwa, hata akilipa kidogo. Nilifikiri juu ya hilo, nikabadili kitu kimoja. Sasa natuma shilingi 50,000, nazo zinafika kwenye simu ndogo niliyomnunulia koko. Yeye ndiye anayemkabidhi jirani malipo yake, na shilingi 10,000 za makaa hubaki kwake, zimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Shilingi 10,000 za nyongeza ni kurasa nyingi za kuchapa usiku, lakini kwa kuwa nimeandika kwamba matunzo si zawadi, siwezi tena kujisifu kwamba ninampa.

Sidai kwamba nimelimaliza swali. Bado nipo Mbarara na koko yupo Nakivale. Bado ni mimi ninayeamua kiasi, na bado sijui atafanya nini siku jirani atakaposema amechoka kweli. Donabedian mwenyewe, aliyeutumia umri wake kutufundisha kupima, alisema mwishoni mwa maisha yake kwamba siri ya ubora ni upendo. Niliposimuliwa hilo na mwenzangu wa chumba nilifikiri ni maneno ya mzee aliyechoka na hesabu. Sasa nayaelewa kwa namna nyingine. Upendo katika matunzo haumaanishi kwamba hakuna malalamiko. Unamaanisha kwamba malalamiko yanaweza kusemwa na kesho bado mtu akaja.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Nakivale bila fomu. Nilimkuta koko ameketi nje, anamwambia jirani kwamba uji wa leo hauna sukari. Jirani akamjibu kwamba sukari imepanda bei, na kama hataki aende akanunue mwenyewe. Koko akasema angekuwa na miguu angekwenda, na angerudi na sukari nzuri kuliko hiyo. Waliendelea hivyo hadi uji ukaisha. Mimi nilikaa pembeni, nikashika kikombe changu, sikuandika kitu.